Maziwa Makuu ya Wegesa

Sogeeni karibu. Aliyekalia mguu wa mwenzake auachie. Haya, twende kilimani kwa Wegesa.

Wegesa ana miaka sita na pengo moja. Anakaa na Shangazi Robi juu ya kilima. Chini kabisa, maji yanang'aa mpaka macho yanachoka. Kwao maji yale huitwa Nyancha.

Siku hiyo Wegesa hakuwa na raha. Jua lilikuwa limekausha nyasi zote. Ng'ombe wao, Mabaka, alitafuna majani makavu, kwaru, kwaru. Maziwa yake yakabaki matone tu.

Na ndama wake, Kidoti, alikuwa na njaa. "Mbuuu," alilia Kidoti. Ndama akilia hivyo, hata uji haupiti kooni.

Wegesa akamkumbatia shingoni. "Vumilia, Kidoti. Nitakutafutia maziwa."

Mchana, redio ya shangazi ikakohoa. Kisha ikasema, "Mvua inakuja kutoka Maziwa Makuu."

Wegesa akasimama. Maziwa? Tena makuu?

Akatoa ndoo. Akatoa sufuria. Akatoa bakuli, na kikombe cha shangazi, chai ikiwa bado ndani. Akavipanga vyote uani.

"We Wegesa, vyombo vyangu vinakwenda harusi ya nani?" Shangazi Robi akauliza.

"Vinangoja maziwa, Shangazi. Redio imesema."

Shangazi akavuta kigoda, akakaa aone mwisho wake.

Hapo upepo ukaja kutoka chini, taratibu.

*Fyuu, fyuu, Nyancha inapumua.*
*Panda, panda, upepo wa maji.*

"Unausikia?" Shangazi akasema. "Mchana nchi kavu inapata joto upesi, kama sufuria. Nyancha haina haraka, inabaki na ubaridi wake. Basi upepo wake unakuja huku kwetu, umebeba maji madogo, madogo kuliko jicho la sisimizi."

"Umeyabeba kwa ndoo?"

"Kwa pumzi."

Upepo ukapanda kilima. Ukapanda tena. Huko juu kuna baridi, na maji madogo yakashikana mikono.

Yakawa wingu. Wingu likanenepa. Likatanda juu ya zizi la Mabaka, la kijivu, laini kama usingizi.

*Fyuu, fyuu, Nyancha inapumua.*
*Panda, panda, upepo wa maji.*

Tone moja. Ti. Matone mawili. Ti, ti. Kisha chwaaaa.

Wegesa akachota kutoka kwenye ndoo, akaonja. Akanuna.

"Shangazi, maziwa haya yametiwa maji."

Shangazi akacheka mpaka kigoda kikamwangusha.

"Mwanangu, Kiswahili kimekuchezea. Nyancha kwa Kiswahili ni ziwa. Yakiwa mengi, ni maziwa. Redio ilisema maji yale pale. Si ya kutia kwenye chai."

Wegesa hakucheka. "Sasa Kidoti atakunywa nini?"

Shangazi naye akaacha kucheka. Akamfunika kwa khanga yake. "Ngoja. Mvua bado haijamaliza kazi."

Mvua ikarudi kesho yake. Ikarudi keshokutwa yake. Kila mchana, Wegesa alikaa mlangoni na Kidoti, wakisikiliza.

*Fyuu, fyuu, Nyancha inapumua.*
*Panda, panda, upepo wa maji.*

Nyasi zikachomoza. Mabaka akala, nyofu, nyofu. Akala mpaka tumbo lake likawa kilima cha pili.

Jioni moja Kidoti akaingiza kichwa chini ya mama yake. Akanyonya, chuu, chuu, chuu. Akatoka na ndevu za povu jeupe, kama babu aliyesahau kunawa.

Wegesa akafikiri kidogo.

"Shangazi, maziwa ya Mabaka yametoka kwenye nyasi?"

"Ehe."

"Na nyasi zimetoka kwenye mvua?"

"Ehe."

"Na mvua imetoka ziwani?"

"Ehe."

"Basi maziwa yametoka ziwani. Mimi nilisema."

Shangazi Robi akacheka, akamtandikia khanga.

Kidoti akalala, tumbo ngoma. Wegesa akalala, khanga mpaka kidevuni. Akaota Nyancha yote nyeupe, ina povu, na ndama wanalamba ukingoni.

Nje, nchi kavu ikapoa. Upepo ukageuka, ukashika njia ya kurudi nyumbani.

*Fyuu, fyuu, kilima kinapumua.*
*Shuka, shuka, upepo wa maji.*

Na kikombe cha shangazi? Bado kiko uani. Kimejaa nyota.