Kinusi Hubisha Hodi

Kitu cha kwanza alichokiona Tumpe kilikuwa kidogo: kule msibani Tukuyu, kwa siku tisa nzima, shangazi yake hakukohoa. Alilala mkekani, akala, akalia, akapanda hata kile kilima cha makaburini. Siku ya pili baada ya kurudi Mbeya, ghorofa ya thelathini na mbili, kifua kikaanza tena kukoroma kama mlango mbovu.

Leo Kinusi kilikuwa sebuleni kwa mara ya tatu. Kilikuwa mashine ya miguu sita, yenye kimo cha mbuzi, iliyoundwa kunusa hewa katika nyumba za wagonjwa na kutaja ukungu, vumbi la nafaka au unga wa manyoya ya ndege, hata ikiwa ni chembe moja. Kilipita chini ya meza, kikaingia chumbani, kikapanda kitandani, kikarudi.

"Hewa ni safi," kikasema kwa upole.

"Safi!" Daktari Ambakisye alijipiga paja. "Damu yako inaonyesha mwili unapigana na vumbi la ndege. Kisomapafu kinaonyesha makovu yameongezeka tangu Machi. Na kovu la pafu halifutiki, mama. Tusipopata chanzo leo nafunga faili, ubaki na mtungi wa hewa mpaka mwisho. Nakuuliza tena: unafuga ndege?"

"Ndege gani, baba?" Bi Subilaga, yule shangazi, alikohoa, akajifuta machozi. "Hata nzi akifika huku juu huwa amechoka!"

Daktari hakucheka. Aliwasha ramani ya mji ukutani, imejaa madoa mekundu na ya kijivu. "Tazama. Wenye ugonjwa huu wa mapafu ni mia sita. Wekundu tumepata chanzo, tukakiondoa, wengi wana nafuu. Wa kijivu hatujui. Nusu nzima! Na mashine inanusa chembe moja!"

Tumpe alisimama mlangoni mwa jikoni na sinia la chai, mikono ikinuka sabuni. Kinusi kilifundishwa adabu: hakiingii nyumba ya mtu bila kutuma taarifa siku moja kabla. Basi tangu jana walideki, wakakung'uta mazulia, wakafungua madirisha, wakapuliza manukato, wakatandika shuka mpya. Nani apokee mgeni nyumba ikiwa chafu? Na ile mito miwili mikuukuu, ambayo marehemu bibi aliijaza manyoya ya bata, inayovuja kila ikiguswa, ilihamishiwa kwa jirani. "Isituaibishe," alisema shangazi, kama kawaida yake. Hata Tukuyu mito hiyo haikwenda.

Tumpe aliyatazama yale madoa ya kijivu. Kila doa nyumba. Kila nyumba ina ufagio.

Lakini yeye aliishia darasa la tano, na katika nyumba hii husema akiulizwa tu.

"We mtoto, chai inapoa!" shangazi akafoka, kikohozi kikamkata.

Daktari alinyoosha kidole kufunga faili. Tumpe akaweka sinia mezani.

"Nisamehe, shangazi," Tumpe alisema, sauti ikimtoka kama ya mtu mwingine. "Daktari, mito yake ni ya manyoya ya bata. Kila mkitujulisha mnakuja, mimi ndiye ninayeibeba kwenda kuificha. Na mkiondoka, mimi ndiye ninayeirudisha chini ya kichwa chake."