Paja Lililopigwa Mionzi

Mume wangu ni seremala. Kutwa husimama kwenye meza yake ya kazi akipiga randa. Miaka mitatu iliyopita alipata uvimbe wa saratani kwenye paja la kulia. Alitibiwa kwa mionzi wiki tano, uvimbe ukaisha. Alipotoka hospitali alinikataza kuutaja tena ugonjwa ule. Nami, mke mwema, nikafyata mdomo.

Mwaka huu aliteleza akinyanyua kabati, msuli wa paja lilelile ukachanika. Alirudi akichechemea, eti si kitu. Zamani aliwahi kuumia mguu wa kushoto, nikamkanda kwa maji ya moto, wiki mbili akapona. Basi nikabandika sufuria. Nilimkanda asubuhi na jioni, kwa nguvu zangu zote. Akikunja uso, namtania kwamba hata watoto wetu wanamshinda kwa uvumilivu.

Wiki sita zikapita. Paja likawa gumu kama ubao. Ngozi ilibabuka kwa maji yangu, wala hakuhisi moto. Alipokwenda zahanati alisema ameteguka tu, wakampa dawa za maumivu. Ya mionzi hakuyataja. Kazi ikasimama, akawa mtu wa kukaa kitandani na kutazama ukuta. Niliogopa. Mtu huyu bila randa yake ni nusu mtu.

Jirani yetu huwafanyisha mazoezi wagonjwa hospitalini. Alikuja kumjulia hali, akaliona paja, akauliza lilipata kutibiwa nini. Mume wangu akanikazia macho. Safari hii sikumjali, nikasema yote.

"Shemeji," jirani akamwambia, "ndani ya msuli mna chembe hai ndogo zinazolala. Msuli ukichanika, zinaamka na kuujenga upya. Mionzi iliua saratani, lakini iliua pia nyingi kati ya chembe hizo na kuharibu mishipa midogo ya damu. Sasa badala ya nyama linajengeka kovu."

Nikamwuliza kuhusu kukanda kwangu. Hakunificha.

"Ulimwumiza zaidi, dada. Msuli uliochanika haukandwi kwa nguvu. Na ngozi iliyopigwa mionzi haiwekewi moto."

Nililia palepale, mbele ya mgeni.

Mume wangu akauliza kwa sauti ndogo kama alikosea kukubali mionzi. Jirani akasema hapana, pengine bila mionzi asingekuwapo leo. Kosa ni kuificha. Akatueleza pia kwamba picha ya kawaida ya eksirei haina nguvu hiyo, watu wasiiogope.

Kesho yake tulikwenda hospitali na vyeti vya matibabu ya zamani. Walimpima kwanza kama saratani imerudi. Haikurudi. Wakatibu ngozi, kisha wakampa mazoezi mepesi ya kila siku. Maumivu yakizidi, anaacha.

Sasa ni miezi minane. Ngozi imepona, anatembea bila fimbo. Lakini daktari ametuambia wazi kuwa nguvu zote hazitarudi. Makabati hatengenezi tena. Anatengeneza vigoda na fremu za picha, akiwa amekaa. Anacheka siku moja moja, nami nashukuru.

Wiki zile sita bado zinaniuma rohoni. Kama kwenu yuko aliyetibiwa kwa mionzi, akiumia hapo, mwambieni mhudumu wa afya habari ya mionzi siku hiyohiyo. Mimi nilijifunza kwa mguu wa mume wangu.