Isomwe Kwanza kwa Kiswahili

Mwaka wa 1987, Katsuva na mke wake Kaswera walikaa Bunia, katika mtaa wa Nyakasanza. Katsuva alikuwa na kinga, baiskeli nyeusi ya Kichina yenye kiti kirefu cha nyuma. Kila juma alienda nayo Marabo mara mbili. Alirudi na mifuko ya makala, yaani mkaa, na mihogo, akisukuma kinga mlima baada ya mlima. Kaswera aliuza vitu hivyo sokoni. Siku za Jumanne na Alhamisi alifunga meza yake mapema, akaenda parokiani kujifunza kusoma. Alikuwa amekwisha fika kwenye maneno marefu, na alijivunia jambo hilo.

Jumatano moja, Katsuva alifika nyumbani kwa miguu. Mkono wake wa kuume ulikuwa umefungwa kitambaa.

"Kinga iko wapi?" Kaswera aliuliza.

"Iko kwa bajandarme, ku baryera."

"Na mukono?"

Katsuva aliketi kwanza. Kisha akaeleza. Kwenye kizuizi cha barabarani, kaporali mmoja wa jandarme, askari wa usalama, alimwomba karatasi ya kinga. Karatasi ilikuwa nyumbani, ndani ya sanduku. Kaporali akauliza kinga ni ya nani. Katsuva akajibu kwamba aliipata kwa mdogo wake Félicien, wakati Félicien alipohamia Niania. Kaporali akasema imeibwa. Akaivuta. Katsuva hakuachilia usukani. Ndipo kaporali akampiga fimbo juu ya vidole.

"Kisha balinipeleka ku biro, ofisi yabo," Katsuva alisema. "Mumoja akaandika karatasi. Akaniambia: tia kidole hapa, uende kwako. Nikatia cha kushoto, sababu cha kuume kiliniuma."

"Karatasi ilisema nini?"

"Sijui. Ilikuwa Kifaransa."

Kaswera aliusogeza ule mkono karibu. Alifungua kitambaa taratibu. Vidole vitatu vilikuwa vimevimba.

Asubuhi, jirani alikuja kuwapa pole. Alisikiliza habari yote, akatoa shauri lake. "Mupelekee kaporali jogoo. Mumuambie ni madesu ya bana, maharage ya batoto bake. Kinga itarudi leo leo."

"Hapana," Kaswera alisema. "Tukimupa jogoo leo, juma lijalo atasimamisha kinga tena. Na vidole vya bwana yangu, nani atavijibu?"

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Baada ya masomo, Kaswera alibaki darasani akamweleza mwalimu wake, Dorothée.

"Hapa mujini iko ofisi inapokea malalamiko ya raia," Dorothée alisema. "Mutu akitendewa vibaya na jandarme, ao na bazima-moto, anaenda kule. Haiko ofisi ya bajandarme. Uulize mama Mbambu. Yeye ni anketeri, kazi yake ni kuchunguza. Muende mbio, mbele ya vidole kupona, avione."

Kesho yake asubuhi, Katsuva na Kaswera walisimama mbele ya mlango wa Mbambu. Katsuva alivua kofia. Mbambu aliinuka, akawasalimia, akawapa viti. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na tano hivi, mwenye sauti tulivu.

"Baba, mama, karibuni. Munataka kusema Kiswahili ao Kifaransa?"

"Kiswahili," Katsuva alijibu. "Kifaransa siye hatusikie."

"Vizuri. Nitaandika kwa Kiswahili, nitawasomea. Mukikubali, ndipo nitaigeuza Kifaransa kwa wakubwa. Lakini mujue kitu kimoja. Miye siko avoka, mutetezi wenu. Siko mutu wa bajandarme pia. Natafuta kile kilitokea. Nitasikia ninyi, nitasikia na bao."

Alichukua kalamu. Aliuliza siku, saa, na mahali. Aliuliza nani alikuwepo. Kisha akauliza ni nani aliyempiga.

"Balikuwa batatu," Katsuva alisema kwa nguvu. "Bote batatu balinipiga!"

Kaswera alimtazama mumewe.

"Wa kwanza alikupiga na nini?" Mbambu aliuliza.

"Na fimbo."

"Wa pili je?"

"Wa pili…" Katsuva alishika kofia yake. "Wa pili, na mukono."

"Wapi?"

Katsuva aligusa shavu, kisha bega.

"Baba," Kaswera alisema polepole, "useme sawa vile ulinielezea nyumbani."

Katsuva aliinamisha kichwa. "Alikuwa mumoja tu. Niliogopa. Niliwaza, nikisema mumoja, mutaona ni kitu kidogo."

Mbambu hakukasirika. Alikata mstari ule kwa kalamu, mbele ya macho yao.

"Ulifanya vizuri kusema sasa. Nikiandika batatu, na kumbe mumoja wao alikuwa mu hospitali siku ile, batasema karatasi yote ni uongo. Vidole vyako vinatosha. Hatuna lazima ya kuongeza kitu."

Alimaliza kuandika, akasoma yote kwa sauti. Mahali pawili Katsuva alimrekebisha. Mbambu aliandika upya, akasoma tena. Ndipo Katsuva akatia kidole. Mbambu akamkabidhi nakala.

"Sasa, mbele ya yote, muende ku dispansere," Mbambu alisema. "Leo, hapana kesho. Munganga aandike vile anaona. Na muniletee karatasi ya kinga."

Mganga wa dispansere, yaani zahanati, aliandika. Karatasi ya kinga ilitoka sandukuni. Kaswera alimwandikia shemeji yake Félicien barua kwa mkono wake mwenyewe, mistari minne, akaipa dereva wa lori aliyekuwa anaelekea Niania.

Mbambu naye alianza kazi. Alienda kwenye kituo cha jandarme, akaomba kusoma proseverbali, yaani ile karatasi iliyotiwa kidole. Aliinakili neno kwa neno. Kisha akaenda kwenye baryera yenyewe, mchana. Alipima kwa hatua umbali kati ya kizuizi na mahali ambapo mama mmoja anayeitwa Bernadette huchoma mahindi. Zilikuwa hatua kumi na mbili. Mbambu alipomwuliza, Bernadette alitazama chini.

"Niliona," alisema kwa sauti ndogo. "Lakini miye nauzisha hapa kila siku. Kaporali anapita hapa kila siku."

"Sitakulazimisha," Mbambu alisema. "Uwaze. Ukitaka, nitakuja kwako nyumbani. Nitaandika, nitakusomea. Neno lisilo lako tutalifuta. Na hautakuwa peke yako, karatasi ya munganga iko inasema vilevile."

Siku mbili baadaye, Bernadette alimwita.

Habari ya uchunguzi ilimfikia kaporali. Jumamosi saa nne asubuhi alikuja sokoni, akasimama mbele ya meza ya Kaswera. Alikuwa mtu mrefu. Kivuli chake kilifunika mihogo yote.

"Uambie bwana yako aache hii maneno," alisema. "Ama si vile, meza hii haitakaa hapa."

Macho ya Kaswera yalikuwa kwenye kifua cha yule mtu. Pale palishonwa jina kwa uzi mweupe. Herufi zilikuwa kubwa na wazi. Kaswera alichukua kipande cha karatasi ya kufungia chumvi, na kalamu ya darasani. Akaanza kuandika. E. K. A.

"Unaandika nini?"

"Jina lako, sitoyeni," alisema, akimwita mwananchi kama desturi ya siku hizo. "N. G. A. Ekanga. Na saa. Na vile umesema."

Wanawake wa meza za jirani waliacha kuuza. Walisogea, mmoja, wawili, watano, wakasimama karibu na Kaswera. Kaporali Ekanga aliwatazama. Alisafisha koo, akaenda zake. Kaswera aliketi juu ya mfuko wa makala, akamaliza kuandika. Jumatatu asubuhi alimpelekea Mbambu ile karatasi.

Juma la tatu, wote waliitwa katika biro ya komanda wa jandarme. Komanda aliketi mezani. Kando yake alisimama kaporali Ekanga, pamoja na jandarme kijana aliyeandika proseverbali. Kijana huyo alitoka mbali na hakuwa na mwaka mzima Bunia. Katsuva na Kaswera waliketi kwenye benchi. Mbambu alisimama katikati.

"Komanda," alisema, "kila neno litakalosemwa hapa kwa Kifaransa, nitalisema kwa Kiswahili. Na kila neno la Kiswahili, kwa Kifaransa. Hakuna mtu atakayekaa hapa bila kusikia."

Komanda alikubali kwa kichwa. Mbambu akafungua proseverbali.

"Hapa imeandikwa: 'Nilinyang'anya baiskeli ya mtu mwingine.' Baba Katsuva, ulisema hivi?"

Katsuva aliruka kutoka benchi. "Hata kidogo!"

"Ukae, baba. Useme tena sawa vile ulisema siku ile."

"Nilisema: nilikamata kinga kwa ndugu yangu."

Mbambu alimgeukia komanda, akaeleza kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili. "Hapa Bunia, kukamata si kunyang'anya tu. Mutu anakamata barua ku posta. Anakamata zawadi. Huyu baba alisema amepewa kinga na ndugu yake. Karatasi ya kinga ni hii, iko na jina la Félicien. Na hii ni barua ya Félicien kutoka Niania. Anasema: kinga nilimupa yaya yangu, mukubwa wangu Katsuva."

Jandarme kijana aliona haya. "Ni kweli," alisema. "Nilisikia neno vibaya. Sikumuuliza, na sikumusomea."

"Hilo ni kosa la kusikia," Mbambu alisema. "Linarekebishwa. Lakini neno la pili siyo kosa la kusikia. Imeandikwa: 'Aliumia alipoanguka akikimbia.' Nani alisema hivyo?"

Kijana alimtazama kaporali.

"Alianguka," kaporali alisema.

Mbambu alisoma karatasi ya dispansere. Vidole vitatu viliumia juu, kwa mstari mmoja ulionyooka. Viganja havikuwa na mchubuko. Magoti hayakuwa na mchubuko. Kisha akasoma maneno ya Bernadette, aliyeona fimbo ikishuka.

"Hao batu bamepangana," kaporali alisema. "Hii familia siijue hata."

"Huijui?" Mbambu alitoa kile kipande cha karatasi ya chumvi. "Jumamosi saa nne, mama huyu aliandika jina lako, na maneno uliyomwambia mbele ya meza yake. Wanawake watano walisikia, na wametia vidole chini. Kama hauijui familia hii, ulifuata nini sokoni?"

Komanda aliichukua ile karatasi, akaiweka juu ya proseverbali. Kisha akamwambia kijana aende kuleta kinga.

Siku hiyohiyo kaporali aliwekwa ndani, na alipotoka hakurudishwa tena kwenye baryera. Proseverbali ya kwanza ilifutwa. Komanda alitoa amri: mtu asitie kidole wala sahihi kabla karatasi haijasomwa katika lugha anayoisikia. Amri hiyo ilibandikwa ukutani kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Mbambu ndiye aliyeandika ile ya Kiswahili.

Kinga ilifika uani ikiwa na vumbi. Jandarme kijana alileta karatasi ya kuipokea.

"Isomwe kwanza," Katsuva alisema.

Kijana alisoma, na Mbambu akageuza. Karatasi ilisema baiskeli imerudishwa nzima. Katsuva alizunguka kinga yake, akaigusa mbele na nyuma.

"Kengele haiko. Pompi haiko. Iandikwe."

Ikaandikwa. Kengele na pompi zilipatikana siku ya tatu.

Vidole viwili vya Katsuva vilipona vizuri. Cha tatu kilibaki kigumu kidogo, lakini kilishika usukani. Alianza tena safari za Marabo. Akipita kwa Bernadette alinunua mahindi mawili, moja la kula njiani, jingine la kumpelekea Kaswera.

Habari ile ilizunguka Nyakasanza, ikafika mtaa wa Mudzi-Pela. Watu wakaanza kwenda kwa Mbambu. Wengine walifika mlangoni wakaogopa, wakarudi. Mbambu aliwaona dirishani. Siku moja alimtembelea Kaswera sokoni.

"Mama Kaswera, batu banakujua. Siku za Jumatatu soko haliko na batu wengi. Uje ukae nami ofisini. Wale bananiogopa miye, weye hawatakuogopa. Na hao wanasikia Kinande tu, lugha ya kwenu, utanisaidia."

"Miye?" Kaswera alicheka. "Sijamaliza hata kitabu cha pili."

"Utakimaliza. Uje."

Jumatatu iliyofuata, Kaswera alivaa kitenge chake cha kanisani. Saa tatu, mwanamke mzee alitokea mlangoni. Nyumba yake ilikuwa imeungua, na wazima-moto waliokuja walikuwa wamejichukulia mabati yake saba yaliyosalia. Alisimama kizingitini, hakujua aingie au aondoke. Mbambu alikuwa anaandika. Kaswera aliinuka, akamletea kiti, akaketi karibu naye.

"Koko, mama muzee, kaa," alisema. "Useme polepole. Tutaandika sawa vile unasema, kisha tutakusomea."

Mzee alimtazama usoni, akaweka fimbo yake chini, akaanza kusema.