Alitaka Picha, Wakaomba Pesa

Naitwa Qiu Yanping. Ninaendesha kituo cha vifurushi chini ya jengo letu. Watu hununua vitu kwa simu, vitu huletwa kwangu, nao hushuka kuvichukua. Kazi yangu ni kupanga rafu, kuita namba, na kusikiliza malalamiko ya viatu vilivyobana.

Kila asubuhi Mzee Pang hushuka. Mara nyingi hana kifurushi. Anavuta kiti cha plastiki, anakaa karibu na mlango na kuuliza, "Haya, leo kuna nini?" Zamani alikuwa na banda la tambi za mchele pamoja na mkewe, Cuilian. Cuilian alifariki majira ya baridi yaliyopita. Tangu hapo mzee hana pa kwenda asubuhi.

Sikukuu ya Kufagia Makaburi ilikuwa inakaribia. Jiwe la kaburi lilikuwa tayari, ila picha tu ndiyo haikuwepo. Picha ya namna hiyo huchapwa kwenye kigae cha kauri, kisha kigae hubandikwa kwenye jiwe. Mzee alipata duka la kazi hiyo katika soko la mtandaoni.

Lakini Cuilian hakupenda kupigwa picha. Ukimwelekezea kamera, alijificha nyuma ya mvuke wa sufuria. Ile ya kitambulisho ilimfanya aonekane kama mtu aliyekamatwa, na mzee aliapa haitakaa kaburini. Ilibaki moja tu, ya ujanani. Mzee aliipiga picha kwa simu yake kuukuu, ikatoka ukungu mtupu. Duka likamwambia atume picha yenyewe.

Mimi ndiye niliyeipokea. Ilikuwa ndogo, nyeusi na nyeupe. Msichana wa miaka ishirini na mitatu amesimama mbele ya lango la kiwanda cha pamba, amenuna, ana doa jeusi juu ya nyusi ya kushoto. Nyuma palikuwa na maandishi ya wino. Sikuyasoma. Kulikuwa na foleni. Sikumuuliza hata kama ana nakala. Niliitia kwenye bahasha, nikaipima, nikampa stakabadhi.

Kigae kilifika baada ya wiki mbili. Mzee alikuwa bado amesimama mbele yangu na kifurushi mkononi, simu yake ikalia.

"Yanping, nisomee. Sina miwani."

"'Mpendwa, mzigo umefika. Tafadhali bonyeza NIMEPOKEA na utupe nyota tano. Tutakutumia zawadi ndogo.'"

Mzee akacheka. "Ananiita mpendwa! Miaka arobaini Cuilian aliniita 'we mzee' tu."

"Guobin asisikie. Atadhani baba yake anaoa."

"Nibonyeze?"

"Bonyeza tu, mzee. Watu wanasubiri."

Hayo ni maneno yangu mimi. Nayaandika hapa ili yanisute.

Nusu saa baadaye alirudi. Alikuwa amekishika kigae kwa mikono miwili.

"Yanping, huyu ni nani?"

Nilitazama. Alikuwa mwanamke mweupe, laini, mwenye macho makubwa. Midomo ilikuwa imepandishwa kidogo ili atabasamu. Doa halikuwepo.

"Wamemfuta," mzee alisema, akakaa kwenye kiti chake.

Aliwaandikia wenye duka. Walijibu haraka. Kazi ya kuagiza hairudishwi, walisema. Tena yeye mwenyewe alikuwa ameshabonyeza kwamba amepokea, na nyota tano ametoa.

Jumamosi mwanawe, Guobin, alikuja kutoka mjini. Aliposikia habari, alipandwa na hasira.

"Wezi hawa! Baba, nipe simu."

"Waandikie vizuri, Guobin."

"Vizuri? Mtu anamfuta mama yangu uso, nimwandikie vizuri?"

Aliwaita matapeli. Aliandika kwamba wanakula pesa za wafu. Zile nyota tano akazigeuza moja. Kisha akafungua dai kwa watu wa soko la mtandaoni, akaweka picha ya kigae, akachagua mahali palipoandikwa RUDISHIWA PESA TU. Kesho yake pesa ilirudi yote.

Alikuja kituoni akipiga makofi. "Umeona, dada Yanping? Dawa yao hiyo! Pesa tumepata, na kigae tumebaki nacho."

"Na picha je?" mzee akauliza.

Guobin alifungua simu. Duka lilikuwa limeshamzuia, hawezi kuwaandikia tena. Chini ya dai palikuwa na mstari mmoja. Aliusoma kwa sauti ndogo.

"'Shauri limefungwa. Ombi la mnunuzi limekubaliwa lote.'"

"Ombi gani?" mzee alisema. "Mimi nilitaka picha ya mama yako."

Guobin alikaa juu ya gunia la mchele la mteja mmoja. Ana miaka thelathini na minane. Alilia pale pale, watu wakichukua vifurushi vyao na kutazama pembeni.

Nilishusha mlango nusu. Nikawaambia ninayoyajua, maana nimekaa kati ya wauzaji na wanunuzi miaka tisa.

"Guobin, sikufichi. Uliomba pesa, wakakupa pesa. Watu wa soko hawakujui wewe wala mama yako. Wanasoma ulichoandika, wanaangalia ushahidi, basi. Picha hukuitaja hata mara moja."

"Nilikuwa na hasira, dada."

"Najua. Na mzee alibonyeza NIMEPOKEA kabla ya kufungua, hilo ni kosa langu. Ukibonyeza, pesa inaenda kwa muuzaji. Kudai bado unaweza, siku kadhaa huwa zipo. Ila unaanza ukiwa nyuma."

"Sasa je? Si wamefunga?"

"Tunapiga simu huduma kwa wateja. Tunaomba mtu, siyo mashine. Tunawaonyesha stakabadhi ya bahasha. Na safari hii tunasema tunachotaka."

Mashine ilituzungusha sana. Mwishowe tulipata mtu, naye akakubali kufikisha ujumbe dukani. Mzee alitamka, Guobin akaandika.

"Pesa nitawarudishia. Kama matusi yaliwaumiza, naomba radhi. Naomba picha ya mke wangu. Ana doa jeusi juu ya nyusi ya kushoto."

"Tuongeze kidogo habari ya mahakama," Guobin alisema.

"Usiongeze kitu," mzee alijibu.

Siku ya tatu simu ililia. Alikuwa msichana. Mzee aliweka sauti ya juu ili tusikie wote.

"Babu, naitwa Ruoxi. Mimi ndiye ninayesafisha nyuso hapa dukani. Wateja wengi hutaka madoa yatolewe. Nimezoea, siulizi tena. Nisamehe."

"Picha iko wapi, binti yangu?"

"Pesa mliyorudishiwa ilikatwa kwenye mshahara wangu, babu. Nilikasirika. Shauri likifungwa, bahasha za zamani hutupwa. Niliiona ikitupwa, nikaiacha. Mlipoandika nilienda kuchakura mifuko yote. Gari la taka lilikuwa limeshapita."

Alikuwa analia. Guobin aliinamisha kichwa. Nadhani alikuwa anakumbuka yale maneno ya pesa za wafu.

"Lakini nakala ipo kwenye kompyuta," Ruoxi alisema. "Ya kabla sijamgusa. Doa lipo."

"Na upande wa nyuma?"

"Nyuma huwa hatunakili, babu."

Mzee alifumba macho. Nikaona kwamba kilichopotea ni kikubwa kuliko nilivyodhani, na mimi nilikishika mkononi nisikisome.

"Basi nitengenezee kipya," alisema. "Nitalipa."

"Hapana, babu, safari hii ni bure."

"Nitalipa, nimesema. Usikatwe tena."

Duka lilitufungulia tena, na oda ya pili tuliiandika taratibu. Mazungumzo yote tuliyaweka ndani ya soko lenyewe, maana yakitoka nje hakuna atakayeyaona ugomvi ukizuka. Guobin aliandika, "Usifute chochote usoni." Tuliomba kuona mfano kabla kigae hakijachomwa tanuruni. Ruoxi aliutuma, mzee akaukubali.

Kifurushi kilifika siku mbili kabla ya sikukuu. Nilitoa meza, nikaweka kisu. Guobin alirekodi kwa simu, kuanzia karatasi ya anwani mpaka kitambaa cha mwisho. Meza ile sijaiondoa hadi leo. Mtu akija na haraka zake, namwambia fungua kwanza, bonyeza baadaye. Foleni ikinung'unika, inung'unike. Wiki iliyopita mama mmoja alifungua sufuria ya umeme iliyovunjika, video ikaonyesha kila kitu, akaletewa nyingine bila kutukanana na mtu.

Mzee alivaa miwani. Cuilian alikuwa amesimama mbele ya lango, amenuna. Doa lilikuwa mahali pake.

"Ndiye," alisema.

"Basi bonyeza, baba."

"Ngoja. Yanping, nipe ile kalamu yako ya kuandikia maboksi."

Alikigeuza kigae. Upande ule ungebandikwa kwenye jiwe, hakuna ambaye angeuona tena. Akaanza kuandika polepole.

"Unaandika nini, baba?"

"Ya nyuma. Nilimsumbua mwaka mzima anipe picha. Siku aliyonipa, alikuwa ameandika hivi."

Tuliinama kusoma. Palikuwa na sentensi mbili.

"Picha ndiyo hii. Usiniombe nyingine."

"Sikumwomba tena," mzee alisema. Kisha akachukua simu, akabonyeza NIMEPOKEA.