Visanduku vya Mama Wivine

Mama Wivine wa Kingi alijifunza kusoma akiwa na miaka arobaini. Tangu hapo hapiti karibu na maandishi bila kuyasoma: mfuko wa chumvi, tangazo la parokia, hata karatasi iliyofungia sabuni.

Msimu huu viwavi walivamia maharagi yake. Akanunua chupa ya dawa Masisi centre, dukani kwa Mama Kavira. Nyumbani akaigeuza huku na huku. Maandishi yote yalikuwa ya Thailand, na hakuweza kusoma hata herufi moja. Jambo hilo lilimchoma.

Akampigia Kavira simu. Kavira akamwomba muuzaji wa jumla maelezo, yakaja kwa message, akamtumia Wivine. Lakini kwenye simu ndogo ya Wivine vilitokea visanduku vitupu tu, safu nzima. Akapiga tena.

"Hiyo message haina kitu, dada," Kavira akasema. "Ufute tu. Changanya kifuniko kimoja mu maji, upulize."

"Haina kitu namna gani? Mi nilisoma juu batu basinidanganye tena!"

Akakata simu kwa hasira. Mumewe, Papa Philippe, alikuwa ameshajaza dawa kwenye pompe ya kupulizia.

"Usipulize hata tone moja mpaka nirudi," Wivine akamwambia.

Kwa kuwa chaji ilikuwa inaisha, alinakili visanduku vyote thelathini na kimoja kwenye daftari, kimoja kimoja, bila kuruka. Akatia simu mfukoni, akaenda kwa Naomie, fundi wa simu pale sokoni.

Naomie aliangalia daftari, wala hakucheka.

"Mama Wivine, hapa umechora sanduku moja mara thelathini na moja. Maneno yenyewe ilibaki mu simu."

"Lakini mu simu iko visanduku vilevile!"

"Hapana, Mama. Mu simu hakuna herufi, iko namba. Kila herufi ya dunia ilipewa namba yake. A iko 65. Ile ya kwanza ya batu ba Thailand inaitwa ko kai. Batoto yao banaijifunza na picha ya kuku. Namba yake iko 3585. Message inabeba namba, kisha simu inatafuta umbo lake. Kama simu haina hilo umbo, inachora kisanduku. Lakini namba iko palepale."

"Na kama ningefuta?"

"Namba zote zingeenda."

Wivine akaitoa simu mfukoni, akampa. Naomie akaweka simu ile kwenye chaji, akaituma message kwenye simu yake kubwa. Herufi zikatokea zote.

"Ona, hii njo herufi ya kuku," Naomie akasema. Akatumia mashine ya kutafsiri, kisha, kwa kuwa mashine nayo hukosea, akampigia Papa Hubert, agronome anayejua mambo ya kilimo, akamsomea jina la dawa. Majibu yakalingana: dawa ya kuua majani yote, isipulizwe kwenye mimea ya chakula.

Wivine akachukua simu ya Naomie, akapiga nyumbani. "Philippe, weka pompe chini! Hiyo dawa ingeua maharagi kwanza, mbele ya viwavi!"

Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja dukani.

"Uliniambia haina kitu!"

"Mi pia sikujua kuisoma," Kavira akasema.

"Njo ubaya wenyewe! Hujui, na unauza. Hujui, na unaniambia nifute!"

Wateja waligeuka wote. Kavira alitoa chupa zile kwenye rafu, akampa Wivine dawa ya viwavi ambayo Papa Hubert aliitaja kwenye simu. Tangu siku hiyo hauzi dawa bila karatasi ya maelezo kwa Kiswahili, na Wivine ndiye anayeisoma kwanza.

Philippe aliosha pompe mara tatu, mbali na mto. Maharagi yakapona. Wakati wa mavuno Wivine alimpelekea Naomie beseni zima. Kavira akamwona njiani.

"Maharagi mazuri sana, dada! Yametoka shamba gani?"

"Lile lenye ulitaka niue na kifuniko kimoja," Wivine akajibu, wala hakutabasamu.