Utepe Chini ya Mshipi

Msiniambie London hakuna majini. Anayesema hivyo mwulizeni kwanza anakaa ghorofa ya ngapi na dirisha lake linatazama wapi. Njenga alikaa ghorofa ya tatu kule Thamesmead, dirisha linatazama mto, na siku moja alirudi kutoka gereji ya mabasi saa kumi za jioni, giza limeshatanda kama kawaida ya Desemba ya huko, akakuta rili yake imelowa chapachapa.

Rili ni ile mashine ndogo inayokaa juu ya fimbo ya kuvulia na kukunja mshipi. Asubuhi alikuwa ameiacha kavu. Aliifuta mwenyewe, akatia tone moja la oili kila upande wa bobini inayobeba mshipi, akaitundika ukutani sebuleni pamoja na fimbo yake. Sasa mshipi ulikuwa unachuruzika juu ya zulia, na maji yenyewe yalinuka matope ya mikoko. Njenga aliyaonja kwa ncha ya ulimi. Yalikuwa ya chumvi.

"Mama Lydia, nani ameosha rili yangu?"

"Nguo zako zimeniishia mpaka nioshe na rili?" Dinah alijibu kutoka jikoni. "Muulize mwanao."

Lydia alikuwa na miaka tisa, mtoto wao wa pekee, waliyempata baada ya mimba tatu kuharibika. Alizaliwa huko huko. Kiswahili alikielewa chote, hata kile cha kusengenyea wageni, lakini kukizungumza, abadan. Mwite kwa Kiswahili, aitike kwa Kiingereza. Mkaripie kwa Kiswahili, aombe radhi kwa Kiingereza. Basi siku hiyo naye alisema kwa Kiingereza chake kwamba hakuigusa, akarudi kwenye kitabu. Nywele zake zilikuwa zimelowa nyuma ya shingo, na baba hakuona.

Hebu niwaeleze rili hiyo ilitoka wapi, maana hapo ndipo ujinga ulipofanyika.

Njenga alikulia Naivasha, kando ya ziwa, akiwasafishia vifaa wavuvi wa samaki aitwaye besi. Watu wa besi wana kiburi chao. Hawataki rili rahisi ambazo hata bibi kizee anaweza kurusha. Wanataka ile inayolala juu ya fimbo, ambayo ukirusha bobini inazunguka yenyewe, na usipoizuia kwa kidole gumba inaupita mbio mshipi na kuuvuruga mkononi mwako uwe kama kiota cha ndege. Alipogundua kwamba besi wa baharini hupanda mto Thames maji yakijaa, akasema mwanangu naye atavua. Akamchagulia fimbo. Hakuichagua kwa rangi. Aliishika, akaitikisa, akatazama inavyopinda, akachagua fupi, nyepesi ya mbele, ngumu ya nyuma, yenye kikulabu cha kidole chini ya kishikio. Kilichobaki kilikuwa rili ya kuifaa.

"Kidole gumba ndiyo breki," alimwambia mtoto. "Ukikinyanyua umekwisha."

Rili aliipata Stanmore, upande wa pili wa London, kwa mama mmoja wa Kihindi wa Mombasa aliyeitwa Daksha. Mumewe, Kailash, alikuwa amefariki, na vitu vyake vinagawiwa. Mama huyo aliitoa rili kwenye sanduku kwa ncha za vidole.

"Chukua, baba, iende na wewe. Lakini nje paka mafuta utakavyo. Ndani usifungue."

Njenga alicheka peke yake garini njia nzima. Fundi gani anayepaka mafuta nje? Huko si ni kunawa uso na kuacha meno?

Akaifungua. Na kwa kweli ndani ilikuwa chafu, grisi imekuwa lami, beringi zinalia. Akaziosha, akazikausha, akatoa mshipi wote wa zamani. Chini kabisa, kwenye kiini cha bobini, alikuta kitambaa cheusi kimefungwa mafundo kwa mafundo. Hilo halikumshangaza. Mshipi ukifungwa juu ya chuma kitupu huteleza, kwa hiyo wenye kazi yao huzungushia kwanza kitu laini cha kuushika. Alichosema ni, "Mzee Kailash alikuwa mchafu!" Akakikata kitambaa kile, akakitupa kwenye pipa.

Alihitaji kingine badala yake. Lydia, aliyekuwa amekaa pembeni akitazama, alikimbia chumbani akaleta utepe wa njano, ule aliofungwa nywele siku ya kwanza ya shule. Baba alifurahi. Aliuzungusha kwenye kiini, akaukaza, akaufunga kwa fundo lake bora, kisha akakunja mshipi mpya juu yake mpaka bobini ikajaa. Alivuta kwa nguvu kujaribu. Haikuteleza hata chembe.

Ilikuwa Jumapili hiyo. Rili ililowa Jumanne.

Jumatano ilianza kulia. Kri, kri, kri, polepole, ule mlio wa samaki anayevuta mshipi kidogo kidogo, na fimbo iko ukutani, haina ndoana wala chambo. Njenga na Dinah walisimama sebuleni wakatazama bobini ikizunguka yenyewe. Mshipi ulikuwa umeshuka ukutani, umepita chini ya mlango wa roshani, umening'inia nje gizani kuelekea mtoni.

"Baba Lydia," Dinah alinong'ona, "nani anavuta?"

"Upepo."

"Upepo gani unavuta kwa kupumzika?"

Hapo ndipo waliposikia miguu. Lydia alitoka chumbani kwake macho wazi, miguu mitupu, anatembea. Kri, hatua. Kri, hatua. Bobini ikisimama, naye anasimama. Alipofika kwenye mlango wa roshani aliweka paji la uso kwenye kioo akatulia pale, na harufu ya mikoko ikajaa nyumba nzima.

Njenga aliirukia rili akabana bobini kwa kidole gumba. Mtoto akaanguka, akaanza kulia, akauliza kwa Kiingereza amefikaje pale.

Jamani, alijaribu kila alichojua. Alikaza breki mpaka mwisho, bobini ikazunguka. Aliibana kwa koleo, koleo likateleza kama limepakwa siagi. Kitu pekee kilichoizuia ni kidole gumba cha mtu aliye hai. Alichukua mkasi aukate mshipi, na makali yalipougusa tu Lydia alipiga ukelele chumba cha pili, damu ikamtoka puani, na Dinah akamnyang'anya mumewe mkasi ule akautupa dirishani. Kurudisha mshipi alioupoteza hakuweza. Akikunja, mkono wa rili unagoma.

Walimpigia simu mama wa Stanmore. Dinah alimshikia mumewe mkonga sikioni, maana kidole chake hakikuwa na nafasi.

"Umefungua ndani," Daksha alisema kabla hajaambiwa kitu.

"Mama, ulinipa nini?"

Mama yule akaanza kulia kimyakimya, kilio cha mtu aliyekizoea. "Mume wangu alinasa kitu kwenye maji ya Mtwapa, karibu na kwetu Mombasa. Hakuwa samaki. Akakata mshipi, akarudi nyumbani, lakini yule alishaijua njia ya mshipi. Alimchukua Hemant, mwanangu. Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Ndipo fundi mmoja wa majini, wa Kilifi, akamfunga yule na kitambaa cha shati la Hemant, maana alisema maiti havutwi. Akivuta hapati kitu. Akatulia miaka yote. Sasa wewe umefunga na nini?"

Njenga alitazama bobini. Aliyejibu ni Dinah. "Utepe wa mtoto."

"Basi utoeni!"

"Uko chini," Njenga alisema. "Uko chini ya mshipi wote."

Na hapo ndugu zangu ndipo mlango ulipofungwa. Kuufikia utepe kunataka mshipi wote utoke, na kila mzunguko wa mshipi unaotoka ni hatua ya Lydia kwenda mtoni. Ule ufundi wake wa kukaza kiini vizuri ndio uliomfunga mwanawe.

Alhamisi alikuja mchungaji wao, akaomba mpaka sauti ikakauka, rili haikumjali. Ijumaa aliletwa Mwalimu Shekue, mzee wa Lamu anayesomesha watoto Kurani kule Woolwich. Alichoma ubani, king'ora cha moshi kikapiga kelele kwenye dari, Dinah akapanda kiti akakipepea kwa taulo. Mzee hakucheka. Aliinama juu ya rili akasema nayo kwa sauti ya chini, na kila alipouliza, kidole cha Njenga kilisikia mtetemo chini yake, kri moja au kri mbili. Mwishoni Mwalimu alikunja mkeka wake.

"Hatoki," alisema.

"Mwalimu, tafadhali," Dinah alisema. "Ni huyu mmoja tu tuliye naye."

"Mwanangu, jini aliyejifunga mwenyewe namfungua. Aliyefungwa na adui namfungua. Huyu kafungwa na baba mtu, kwa mkono wake, kwa nguo ya mwanawe, na mtoto kaileta kwa ridhaa. Fundo kama hilo mimi siliwezi." Mlangoni aligeuka. "Mshikeni kwa kidole. Na msisikilize akisema."

Basi wakashika. Mume akichoka anashika mke, mke akichoka anashika mume, wanapokezana kidole juu ya kidole, na yule wa upande wa pili alikuwa na subira ya maji, alivuta taratibu usiku na mchana, mara anaacha kabisa mpaka wanaanza kutazamana kwa matumaini, mara anashtua ghafla ili aone kama wapo, na ngozi ya vidole vyao ikachubuka, ikatoka, mshipi ukaanza kula nyama, huku Lydia amekaa kati yao kwenye sofa amefunikwa blanketi, hataki chakula, nywele hazikauki hata zikipulizwa kwa mashine ya hewa moto, anavitazama vidole vyao na kuuliza kwa Kiingereza kama wanaumia kwa ajili yake. Njenga alimwambia hapana. Kazini hakwenda, simu zikalia wakaziacha.

Jumatatu, saa kumi za jioni, giza limeingia tena. Dinah alikuwa ametoka zamu ya kushika, amejilaza kwenye kizingiti cha mlango wa nje ili mtoto asipite bila kumkanyaga. Njenga alikuwa anashika kwa kidole cha mkono wa kushoto, maana cha kulia kilikuwa kimeonyesha mfupa. Kichwa kilikuwa kinaanguka, anakiinua, kinaanguka. Akasikia mkono mdogo umewekwa juu ya wake, baridi, laini, na kidole gumba kidogo kikajipenyeza kando ya chake, kikaibana bobini kama alivyofundisha.

"Pumzika, babangu," sauti ya Lydia ilimwambia sikioni. "Mie nishashika."

Machozi yalimtoka. Huruma ya mtoto ilimwingia mpaka kwenye mifupa, mtoto wake aliyekuwa amekaa siku zote hizo akiona damu ya wazazi wake. "Asante, mwanangu," alisema. "Usinyanyue kidole." Akanyanyua chake.

Maumivu yalipoachia ndipo akili ilipomrudi, na ilirudi na swali moja. Mtoto huyu amejifunza lini kuzungumza Kiswahili, tena cha Mombasa?

Alifumbua macho. Kando yake hapakuwa na mtu. Bobini ilikuwa inapiga mayowe, haionekani kwa mwendo, na mshipi unatoka kama umeshikwa na gari, na alipoibana kwa vidole vyote viwili ilivichana na haikupunguza, naye akapaza sauti, "Dinah! Dinah! Mtoto!", na Dinah akaamka pale kizingitini akakuta mlango wazi juu ya kichwa chake na alama za miguu midogo yenye maji zimemruka, zimeteremka ngazi, akazifuata anaita Lydia, Lydia, mpaka majirani wakafungua milango, na Njenga sebuleni amekumbatia rili kifuani anaomba, anaomba radhi, anaahidi, anajitoa yeye mwenyewe, mpaka mshipi ukafika mwisho na bobini ikasimama.

Haikuteleza. Fundo lake lilishika.

Fimbo ilipinda mara moja, ikanyooka. Mshipi ukalegea. Kwenye kiini cha bobini utepe wa njano ulikuwa umebaki wazi, umelowa, na sasa aliweza kuufikia. Alipougusa ulitoka wenyewe mkononi mwake. Nje, alama za miguu midogo zilikuwa zimeishia ukingoni mwa mto.

Rili ile bado iko ukutani kwao Thamesmead. Watu wamewashauri waitupe, Dinah hataki kusikia. Kila asubuhi, kabla hajachemsha chai, hunyoosha mkono akaipapasa bobini, akitumaini kukuta hata tone moja la maji ya chumvi.

Ni kavu.