Plagi Mkononi

Kila akitoka shule, Kiherehere alivua sare, akala kilichofunikwa jikoni, kisha akaenda uani kwa baba yake. Baba yake alikuwa seremala, na karakana yake ilikuwa pale pale nyumbani, chini ya paa la mabati. Jina la Kiherehere alipewa na bibi yake, kwa kuwa hapakuwa na kazi ambayo mtoto yule hakuitia mkono kabla hajaitwa.

Siku hizo alikuwa akimtengenezea mama yake kigoda. Mama alikuwa amechoka kukalia ndoo ya rangi kila anapofua. Baba alimkatia mbao, wakaziunga pamoja, ikabaki kazi ya kulainisha.

"Tumia msasa wa mkono," baba alimwambia. "Grainda usiiguse. Mashine ile haina utani na mtu."

"Lakini baba, kwa mkono si nitazeeka kabla sijamaliza?"

"Basi zeeka ukiwa na vidole vyako vyote."

Siku moja baba alikwenda kumpelekea mteja kiti, na mama hakuwa amerudi kutoka kazini. Kiherehere alisugua mguu wa kwanza wa kigoda mpaka bega likamuuma, na mbao bado ilikuwa inakwaruza. Grainda ilikuwa juu ya meza, imeshafungwa diski ya msasa. Aliitazama, akatazama geti, akaitazama tena. Kisha akachomeka plagi, akasukuma swichi mbele mpaka ikanasa.

Mashine ilinguruma. Vumbi lilimwingia machoni, maana hakuvaa miwani, lakini mguu wa kigoda ulilainika haraka mno. Alikuwa anaanza kutabasamu grainda iliponyamaza ghafla. Umeme ulikuwa umekatika. Papo hapo geti likalia, baba akawa amerudi. Kiherehere aliirudisha grainda mezani, akajifuta vumbi, akashika msasa wa mkono na kujifanya anasugua.

Baba alipitisha kiganja kwenye ule mguu wa kigoda. "Huu umelainika kweli! Umejitahidi, mwanangu."

"Ndiyo, baba," alijibu, bila kuinua uso.

"Acha nibadilishe diski, maadamu umeme wenyewe haupo."

Baba aliketi, akaipakata grainda, akashika diski kwa mkono wa kushoto na spana kwa mkono wa kulia. Hakutazama plagi. Asubuhi aliichomoa yeye mwenyewe, na waya ulipita nyuma ya mbao, hauonekani.

Hapo ndipo Kiherehere alipokumbuka maneno ambayo baba alimwambia mara nyingi: mashine iliyonyamazishwa na umeme kukatika haijazimwa. Swichi bado ilikuwa imenasa mbele. Plagi bado ilikuwa kwenye soketi. Umeme ukirudi, diski itazunguka ndani ya vidole vya baba.

Akisema, itabidi akiri kwamba ameigusa grainda, na zile sifa za mguu wa kigoda zitageuka aibu. "Labda ataona mwenyewe," alijisemea. Baba akaanza kufungua diski kwa spana. "Labda umeme hautarudi sasa hivi." Aliendelea kusugua, na hatimaye sauti ikamtoka.

"Baba, iache! Imechomekwa! Niliiwasha mimi!"

Baba alishtuka, akaanza kuondoa mkono. Umeme ukarudi. Grainda ilinguruma, ikamtoka mapajani, ikaanguka chini na kuanza kujirusharusha kwenye vumbi.

"Plagi!" baba alipiga kelele.

Kiherehere alikimbilia soketi, akaichomoa. Alipogeuka, baba alikuwa amekumbatia mkono wake wa kushoto, na damu ilikuwa ikidondokea kigoda.

Kwenye zahanati, muuguzi alikishona kiganja kilichochanwa. "Vidole vyote vipo, fundi," alisema. "Lakini mkono huu usiutumie mpaka nikuruhusu. Ungechelewa kuuondoa, tungekuwa tunazungumza mengine."

Kiherehere aliposikia hivyo alianza kulia. Familia nzima ilikula kwa mkono ule. Walipotoka nje na kukaa kwenye benchi, alishindwa kuvumilia.

"Baba, sikukumbuka pale nilipopiga kelele tu. Nilikumbuka tangu ulipokaa. Nikanyamaza, nikiogopa utanigombeza."

Baba aliitazama bendeji.

"Ningekugombeza, ndiyo," baba alisema. "Na ugomvi ungeisha kabla ya jioni. Mwanangu, mficha maradhi, kifo humuumbua. Uligusa mashine niliyokukataza, ukaiacha bila kuizima. Hayo ni makosa, lakini yalikuwa bado yanarekebishika. Kunyamaza ndiko kulikonikata." Akashusha pumzi. "Na mimi nina kosa langu. Niliamini kumbukumbu yangu badala ya kutazama kwa macho. Kuanzia leo, kwetu hakuna anayebadilisha diski mpaka plagi iwe mkononi mwake."

Yale majuma yaliyofuata yalikuwa mazito. Wateja wengine walivumilia, wengine wakahamia kwa fundi mwingine, na mama akawa anahesabu kila kitu jikoni. Kiherehere alikimaliza kigoda kwa msasa wa mkono. Doa la damu kwenye mguu mmoja lilikataa kutoka, hata alivyosugua. Mama alikikalia hivyo hivyo.

Baba aliporuhusiwa kurudi kazini, siku ya kwanza tu umeme ulikatika katikati ya kazi. Alisukuma swichi nyuma, akaiweka grainda mezani, akasimama bila kuigusa tena. Kiherehere alizunguka nyuma ya mbao, akachomoa plagi, akaja nayo akivuta waya. Akaiweka juu ya kovu, katikati ya kiganja cha baba yake.

"Hii hapa, baba."

Baba aliifumba kiganjani. "Mashine haijui nani baba wala nani mtoto," alisema. "Sisi ndio tunaopaswa kuambiana ukweli." Kisha akavuta kiti, akakaa.